Muulize Mwalimu: Mfanyabiashara Aliyepanda Meli kwa Jina la Karani

Katika toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja kwamba mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifunga mkataba na Marekani. Barua zilizokuja ni nyingi, na karibu zote zinauliza habari za mjumbe aliyeuleta. Nimefurahi sana. Mtu huyu nimekuwa nikimsomesha kwa miaka mingi darasani, kila mara kwa dakika tano za mwisho wa kipindi, na leo nimepewa nafasi ya kumweleza anavyostahili.

*Msomaji, Tanga: Shikamoo Mwalimu. Ni nani aliyetumwa na Marekani kwa Seyyid Said? Alikuwa balozi mkubwa? Katika kitabu changu cha shule jina lake halimo.*

Marahaba mwanangu. Aliitwa Edmund Roberts. Balozi mkubwa hakuwa. Alikuwa mfanyabiashara aliyepata hasara, na ukitaka kuuelewa mkataba wa 1833 anza hapo kwenye hasara yake, usianze na Rais wala na Sultani.

Alizaliwa Juni 1784 katika mji wa Portsmouth, jimbo la New Hampshire, mji wa bandari ambako riziki ya nyumba nyingi ilitoka majini. Alipokuwa kijana wa miaka 16 hivi alibaki yatima, akaenda kuishi na ami yake, mfanyabiashara mwenye makao Buenos Aires. Huko, na baadaye London, ndiko alikofundwa kazi: kununua, kuuza, kukodi meli, kuandika hesabu, na kungoja miezi kadhaa bila kujua kama shehena yako imefika au imezama. Mwaka 1808 alikuwa amerudi kwao, akamwoa Catherine Langdon, binti wa ukoo mkubwa wa biashara na siasa. Ami yake huyo bibi, John Langdon, ni miongoni mwa waliotia saini Katiba ya Marekani. Kwa hiyo kijana wetu alianza vizuri. Alikuwa na mtaji, mke wa ukoo na jina mjini.

Kisha vita vya Ulaya vya enzi za Napoleon vikaharibu mambo. Meli za Wamarekani zilikamatwa na Wafaransa na Wahispania, na za Roberts zikiwemo. Mtaji ukaisha kidogo kidogo huku watoto wakiongezeka. Mwaka 1823 alipata ukonseli, yaani kazi ya kuiwakilisha nchi yake kwa mambo ya biashara, huko Demerara, katika nchi tunayoiita leo Guyana, lakini kazi hiyo haikumrudishia mali yake. Ndipo mwaka 1827 akakodi meli iitwayo Mary Ann, akaja nayo Unguja kubahatisha.

Hapa napenda wanafunzi wasimame kidogo. Fikiria mtu wa miaka 43, mwenye mabinti kadhaa nyumbani, amekopa na kukusanya alichobakiwa nacho, amevuka bahari mbili, na anapofika Unguja anakuta hawezi kuuza kwa uhuru. Maofisa wa hapa walimbana kwa masharti, ilhali Waingereza alijua wana nafuu yao. Angeweza kukunja tanga akaondoka. Yeye alingoja. Januari 1828 Seyyid Said mwenyewe akawasili Unguja, akiwa ametoka kupambana na Wamazrui wa Mombasa, na Roberts akaenda kumlalamikia ana kwa ana.

Seyyid alimsikiliza. Naye alikuwa na haja zake: alitaka silaha, na alitaka rafiki wa baharini ambaye si Mwingereza. Akamwambia kwamba yuko tayari kuingia mkataba wa biashara na Marekani. Roberts akarudi nyumbani na maneno hayo, akayaandika na kuyafikisha kwa Levi Woodbury, mtu wa New Hampshire aliyekuwa seneta na ambaye mwaka 1831 akawa Waziri wa Jeshi la Majini. Januari 1832, wakati wa Rais Andrew Jackson, Roberts akateuliwa kuwa mjumbe maalumu.

Tazama sasa walivyompeleka. Katika manowari Peacock, iliyoondoka Boston Machi 1832, alipakiwa kama karani wa nahodha. Safari yenyewe ilifanywa siri ili mataifa yaliyotangulia katika bahari hizi yasije yakaivuruga. Kwa hiyo mtu aliyebeba barua za Rais kwenda kwa wafalme watatu aliishi melini kwa cheo cha mwandishi wa barua za nahodha. Alikuwa amezoea kuwa mwenye shehena, na sasa hakuwa na hata kitanda cha kujinyoosha vizuri. Mimi sioni kama hilo lilimshusha. Naona alijua kilichompeleka.

*Msomaji, Bagamoyo: Mwalimu, mzee mmoja hapa kwetu anashikilia kwamba mkataba ule ulikuwa wa bunduki tu. Mwingine anasema ulihusu wavuvi waliozama. Nani mkweli?*

Wote wawili wameshika kipande. Mkataba ulitiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833. Kiini chake ni ushuru. Meli ya Marekani ikishusha shehena katika bandari yoyote ya Seyyid italipa asilimia 5 ya mali iliyoshushwa, basi, hakuna nyongeza ya kitu kingine. Ikiingia kutengeneza tanga, kuchukua maji au chakula, au kuuliza tu bei ya soko, hailipi chochote. Wamarekani wakaruhusiwa kununua na kuuza na mtu yeyote wamtakaye. Soma hayo kisha urudi kwenye jibu langu kwa msomaji wa Tanga, utaona kwamba ni malalamiko yaleyale ya 1828, yamepangwa vifungu vifungu. Aliyeyaandika alikuwa ameumia mfukoni kwa kila kimoja.

Bunduki zimo, kwa namna ya kuzuia: bunduki, baruti na risasi zikifika kisiwani Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake. Kwenye bandari nyingine ziliruhusiwa kuuzwa huru.

Waliozama nao wamo, ingawa si wavuvi, ni mabaharia wa Kimarekani watakaovunjikiwa na chombo katika pwani ya Seyyid. Hiki ndicho kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Roberts alipendekeza kwamba watu hao watunzwe na serikali yake ilipe gharama. Seyyid Said akakataa. Akataka iandikwe kwamba watatunzwa na kukirimiwa kwa gharama zake yeye Sultani mpaka wapate njia ya kurudi kwao, kwa kuwa hawezi kamwe kupokea malipo kwa kumsaidia aliyefikwa na dhiki. Na ndivyo ilivyoandikwa katika mkataba. Mfanyabiashara amekuja na kalamu ya hesabu, amepanga nani alipe nini, na mwenyeji anamwambia kwamba mgeni aliyekumbwa na bahari haandikiwi deni.

*Msomaji, Mombasa: Kwa nini Maskati, na si Unguja?*

Kwa sababu Seyyid alikuwa Maskati wakati huo. Katika miaka ile alikuwa akipita huku na huko kati ya Omani na Unguja, na mkataba ulifunga dola yake nzima, pande zote mbili za bahari. Huko kwenu Mombasa ilikuwa bado miaka minne kabla hajaishika sawasawa.

*Msomaji, Morogoro: Umesema wafalme watatu. Wengine ni akina nani, na kwao alifanikiwa?*

Mmoja alifanikiwa kwake, kwa mwingine alishindwa.

Januari 1833 Peacock ilitia nanga Vietnam, ambako Mfalme Minh Mang alitawala kutoka Hue. Maofisa wa mfalme walipanda melini na swali moja kubwa: huyu mgeni ana vyeo gani? Kwao mtu asiye na vyeo hawezi kumwandikia mfalme. Roberts, karani wa nahodha kwa karatasi za meli, raia wa kawaida wa jamhuri isiyo na mabwana wala malodi, alitambua kwamba akijibu ukweli mtupu mazungumzo yamekwisha. Akaanza kumsomea mwandishi wao majina ya mahali. Mjumbe maalumu wa Marekani, raia wa Portsmouth, wa New Hampshire, kisha wilaya za New Hampshire moja baada ya moja, Rockingham, Strafford, Hillsborough, na kuendelea. Yule mwandishi alikuwa akiyatafutia kila jina herufi za kwao, anayapanga chini kwa brashi, karatasi inajaa na orodha haijafika mbali. Ikabidi waahirishe.

Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kama kichekesho. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Mtu yule alikuwa hana kitu cha kutaja isipokuwa kwao alikozaliwa, na alikitaja chote. Hata hivyo hakikumsaidia. Maofisa walitaka barua ya Rais ifunguliwe na kurekebishwa kwanza, iandikwe kwa unyenyekevu kama mtu wa chini amwandikiavyo wa juu, naye akakataa. Februari wakang'oa nanga mikono mitupu.

Bangkok kulikuwa na bahati. Tarehe 20 Machi 1833, chini ya Mfalme Rama wa Tatu, Siam, yaani Thailand ya leo, ilitia saini mkataba wake wa kwanza na Marekani. Miezi sita baadaye akawa Maskati. Japani pia ilikuwa katika maagizo yake. Hakuifikia.

*Msomaji, Chake Chake: Mwalimu, je, ni kweli kwamba neno merikani linatokana na mkataba huo? Mama yangu bado analitumia kwa kitambaa cheupe kizito.*

Kitambaa kilitangulia mkataba, dada yangu. Meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilikuwa zikifika pwani hii kabla ya 1833. Ila mkataba ndio uliofungua mlango wazi. Mwaka 1837 akaja Unguja konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye mfanyabiashara wa Salem. Waters alielewana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodishwa forodha na Seyyid, yaani alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka kisha ushuru unaokusanywa ukawa wake. Kwa mikono ya watu hao wawili ilipita sehemu kubwa ya biashara ya Wamarekani: pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mgumu wa miti), ngozi na karafuu zikitoka, na nguo za pamba zikiingia kwa majora. Watu wakaipa nguo jina la walioileta.

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliweka jora la merikani katika sanduku la mbao uvunguni mwa kitanda, nyumbani kwetu Kikwajuni. Ilikuwa nguo isiyopaushwa, rangi yake kama maji ya mchele, imeshiba wanga hata ukiikunja inabaki na alama. Hakuikata kwa mkasi. Aliuma pindo kwa jino, akapata mwanya mdogo, kisha akaishika kwa mikono miwili na kuivuta, nayo ikachanika moja kwa moja kwa kufuata uzi mmoja, kwa mlio uliosikika mpaka uani. Halafu aliiloweka usiku kucha, kwa maana merikani isiyolowekwa ukiishona leo ukaifua kesho inarudi, na shuka inakuwa ya mtoto.

Kwa wakati wa bibi nguo ile sidhani ilikuwa imetoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilikatisha pamba, na nguo za Bombay na Uingereza zikachukua soko. Jina likabaki.

Na kwa kuwa umeniuliza habari za merikani lazima niseme jambo hili pia. Majora hayo ndiyo yaliyopanda bara hadi Tabora na Ujiji yakiwa kama fedha, na pembe zikashuka mabegani mwa watu, wengi wao watumwa au waliokwisha kuuzwa kabla ya kufika pwani. Katika mkataba wa 1833, wenye huruma kwa baharia aliyezama, hakuna neno hata moja juu ya watu hao. Roberts hakuwaandikia kifungu, wala Seyyid. Kila ninapokisifu kile kifungu cha wavunjikiwa na chombo mbele ya wanafunzi, huwa nawaeleza na hili, siku hiyohiyo.

*Msomaji, Lamu: Alitajirika baada ya mkataba? Na kaburi lake liko wapi?*

Hakutajirika. Baraza la Seneti liliuridhia mkataba mwaka 1834, na mwaka uliofuata akatumwa tena kwa Peacock kubadilishana hati za kuridhia. Septemba 1835 alifika Unguja, na baada ya hapo meli ikaelekea Maskati. Usiku mmoja, miaka miwili tangu mkataba kutiwa saini, Peacock ikapanda mwamba wa matumbawe karibu na kisiwa cha Masira, pwani ya Omani.

Ninyi watu wa Lamu mnajua maana ya chombo kupanda mwamba kikiwa kimejaa. Waliitupia bahari mizinga ili kupunguza uzito, huku majahazi ya wanyang'anyi yakizunguka yakingoja. Roberts, mtu wa miaka 51, akashuka katika mashua ndogo pamoja na ofisa kijana na mabaharia sita, akiwa na hati za mikataba, wakaelekea Maskati kutafuta msaada. Jahazi moja likawafukuza mpaka giza likawaokoa. Walikaa kwenye mashua ile siku kadhaa, jua la Omani kichwani.

Walipofika Maskati, Seyyid Said akafanya lile alilokwisha kuliandika. Akatoa manowari yake Sultana iende na maji na chakula, akatuma na watu kwa nchi kavu kuwalinda mabaharia. Peacock ikanasuka kwa juhudi za wenyewe kabla msaada haujaifikia. Mizinga iliyotupwa, Seyyid akaamuru iopolewe baadaye, ikarudishwa kwa wenyewe, na hakudai malipo. Hati zikabadilishanwa mwisho wa mwezi huohuo.

Kutoka hapo Roberts akaenda Bangkok, akakamilisha na ule wa Siam Aprili 1836. Akaijaribu Vietnam mara ya pili akiwa tayari mgonjwa, na safari hii maradhi hayakumpa nafasi hata ya kuanza mazungumzo. Meli ikamkimbiza Macau. Alifariki huko tarehe 12 Juni 1836, siku chache kabla ya kutimiza miaka 52, na kaburi lake limo katika makaburi ya zamani ya Waprotestanti ya mji huo, mbali na Portsmouth na mbali na mabinti zake. Maelezo ya safari yake ya kwanza yalichapwa New York mwaka 1837, hakuyaona.

*Msomaji, Mwanakwerekwe: Wao walimtuma mtu kwetu. Sisi hatukumtuma wa kwetu kwao?*

Tulimtuma. Seyyid Said alimchagua mwandishi wake, Ahmad bin Naaman, na meli aliyompa ni ileile Sultana iliyokwenda Masira. Iliondoka Unguja Februari 1840 na kutia nanga New York tarehe 30 Aprili, imesheheni tende na mazulia, kahawa, pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Kwa Rais Martin Van Buren kulikuwa na zawadi za farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mashali, upanga wa dhahabu na mafuta ya waridi. Katiba yao haimruhusu Rais kupokea zawadi za mfalme bila idhini ya Bunge, kwa hiyo Bunge likazipokea kwa niaba ya taifa, na farasi wakauzwa kwa mnada. Sheikh Ahmad mwenyewe alichorwa picha kubwa ya rangi akiwa katika kilemba na joho, na picha hiyo ipo hadi leo katika makumbusho ya Salem, mji uleule wa merikani.

Sultana ilikuwa imefika katika hali mbaya, imevuja na kuchakaa kwa safari ya karibu miezi mitatu. Serikali ya Marekani ikaiingiza katika karakana ya jeshi la majini Brooklyn, mafundi wakaitengeneza upya, milingoti na tanga na kamba. Agosti ilipoondoka kurudi Unguja ilikuwa kama chombo kipya, na Sheikh Ahmad hakupewa hati ya deni.